Maneno ya Chini ya Bano

Juzi mjukuu wa dada yangu, binti anayesoma chuo kikuu, alikuja kunijulia hali akiwa na kompyuta yake. Alikuwa akiandika kazi ya hesabu. Nikamwona anaandika mlinganyo mrefu, kisha anachagua kipande kimoja cha mlinganyo ule, anabonyeza, na chini ya kipande hicho linatokea bano limelala, pua yake ikielekea chini. Chini ya pua akaandika kwa herufi ndogo kile kipande kina maana gani. Ilimchukua muda wa kunywa mafunda mawili ya chai. Nikamwuliza kama anaweza kuliondoa. Akabonyeza, likaondoka, pasibaki hata alama. Nikainuka nikaenda uani kwa sababu sikutaka anitazame usoni.

Mimi niliwahi kuyaondoa mabano ya namna hiyo kitabu kizima, moja moja, kwa kibano na vidole, na sababu ya kuondolewa kwake nilikuwa mimi.

Nilizaliwa na kigugumizi Tabora, mji wa watu wanaopenda kuongea. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa kushona kanzu pale Kanyenye, na kibarazani kwake hapakukosa watu watatu wanne wanaobishana tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, yeye mwenyewe akiwa hodari kuliko wote. Mimi nikipeleka kahawa, mtu akiniuliza jambo, neno lilikwama kooni, nao kwa huruma yao walinimalizia. Mara nyingi walinimalizia sivyo. Nataka kusema natoka chuoni kwa maalimu, wao wanasema natoka sokoni, na mimi naitikia kwa kichwa ili yaishe. Huruma ile niliichukia, na mpaka leo naichukia.

Ndiyo maana nilipomaliza darasa la nane nililikataa duka la mjomba nikaenda kuomba kazi katika kiwanda kidogo cha chapa. Pale nilikuta kazi ambayo mtu akinyamaza anasifiwa. Herufi zilikuwa vipande vya risasi, kila moja mahali pake katika sanduku lenye vyumba vyumba. Unaziokota kwa mkono wa kulia, unazipanga kwenye chuma ulichoshika kwa mkono wa kushoto, zikiwa zimegeuzwa miguu juu, na unazisoma hivyo hivyo zilivyogeuka. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nikisoma maandishi ya miguu juu kwa wepesi kuliko yale yaliyosimama.

Kazi ya hesabu hakuna aliyeitaka. Wenzangu walipenda barua za mialiko, mabango ya chama, vitini vya kusoma na kuandika, kazi ambazo mkono unakwenda na mdomo unaongea. Hesabu inataka kimya. Kuna herufi kubwa na ndogo katika mstari mmoja, kuna tarakimu zinazopanda juu na zinazoshuka chini, na nafasi zote hizo tupu lazima zijazwe vipande vya risasi visivyo na herufi, la sivyo ukurasa haukazi na herufi zinamwagika mezani kama mtama. Nyapara wetu, mzee mmoja mwenye sauti ya mnadi, alinipa kona ya nyuma, karibu na dirisha la uani, akasema, "Wewe huongei, hesabu ni zako." Hakusema kwa ubaya. Nilikaa kona ile miaka kumi na moja.

Nyumbani nilikuwa Gongoni, katika nyumba aliyoacha baba. Baba alikufa mwanzoni mwa uhuru, na hazikupita mvua tatu mama akamfuata. Kaka zangu wawili walikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, wakayapata, wakabaki huko huko. Dada yangu aliolewa Ujiji. Mimi nikabaki na vyumba vitano na ufunguo mmoja. Nilivifunga vinne nikaishi katika kimoja. Majirani hawakuwa wabaya: walinisalimu nikaitika, waliniletea futari mwezi wa Ramadhani nikawarudishia sahani zimeoshwa. Lakini zilipita wiki nzima ambazo sauti yangu ilifanya kazi ya salamu tu, shikamoo na marahaba, basi. Nilikuwa mpweke. Nalisema wazi leo kwa sababu wakati ule nilijidanganya kwamba napenda utulivu.

Basi mwaka mmoja wa zile enzi za vijiji vya ujamaa, redio zikihimiza elimu ya watu wazima asubuhi na jioni, tuliletewa madaftari manne yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Kilikuwa kitabu cha hesabu cha kufundishia watu wazima vijijini. Mwandishi wake alikuwa mwalimu katika kijiji kimoja cha magharibi, kando ya njia ya zamani ya misafara, ile ya Ujiji. Nyapara aliyafungua, akaguna, akayaleta kwenye kona yangu.

Kitabu kile sikuwahi kuona mfano wake. Mwalimu alikuwa haachi mlinganyo upite uchi. Chini ya kila kipande aliweka bano la kulala, na chini ya bano maneno ya Kiswahili cha kawaida ya kueleza kipande kile kinafanya kazi gani. Mwanzoni mwa daftari la kwanza aliandika: "Kwa mpanga chapa. Mabano haya si mapambo. Mkulima akiona herufi peke yake anadhani ni siri ya serikali. Maneno ya chini ndiyo yatakayomshika mkono."

Kwetu bano la kulala lilikuwa vipande vitatu vya shaba: ncha ya kushoto, ncha ya kulia na pua ya katikati. Kipande cha mlinganyo kikiwa kirefu, unaongeza vijiti vyembamba vya shaba kati ya ncha na pua. Kisha pua lazima iangukie katikati ya maneno, na maneno yasigusane na maneno ya bano la jirani. Mlinganyo mmoja wenye mabano matatu ulinichukua asubuhi nzima. Nyapara aliniuliza kama mwandishi ana ugomvi na sisi.

Nilipomaliza kurasa nane za kwanza tulizipiga prufu, yaani nakala ya kusahihishwa, tukazitia kwenye bahasha, zikaenda kwa treni ya Kigoma. Baada ya siku kumi na mbili zikarudi zimesahihishwa kwa wino mwekundu, na pembeni mwa ukurasa wa kwanza palikuwa na maneno haya:

"Ndugu uliyepanga, kazi yako ni safi. Nina ombi moja. Nikiwauliza wanafunzi wangu, wazee na akina mama, kama wameelewa, wananijibu, 'Tumeelewa, Mwalimu.' Juzi nilikosea kwa makusudi, wakasema wameelewa. Ni adabu yao, siwalaumu. Lakini wewe hunijui, wala hatujala pamoja, kwa hiyo huna sababu ya kunistahi. Bano lolote usilolielewa, niambie bila kunificha."

Niliyasoma maneno yale mara tatu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mimi kama nimeelewa jambo, akangoja jibu. Nikachukua penseli nikaandika chini yake: "Shikamoo Mwalimu. Nimeelewa yote." Nikapanga kurasa nyingine, zikaenda, zikarudi. Kwenye lile jibu langu palikuwa na alama moja ya vema, na neno "Marahaba, vizuri." Basi. Nikahisi nimenyang'anywa kitu. Unaweza kunicheka, lakini nilikuwa nimezihesabu siku kumi na mbili zile moja baada ya moja.

Katika kurasa zilizofuata palikuwa na hesabu ya mizinga ya nyuki: asali ya kijiji ni idadi ya mizinga mara asali ya mzinga mmoja, kisha kuna kipande kinatolewa. Chini ya kipande kile bano lilisema "ya wenyewe". Hapo kwa kweli sikuelewa. Wenyewe ni nani? Nikaandika kwamba sijaelewa. Prufu ziliporudi zilikuwa na karatasi mbili zilizoandikwa huku na huku. Mwalimu alieleza kwamba wenyewe ni nyuki, kwamba mtu akirina yote asirudi msimu ujao kutafuta kitu, kwamba baba yake mzazi alimpiga fimbo tatu utotoni kwa kosa hilo, na kwamba nimefanya vyema kuuliza kwa sababu yeye kwa mazoea hakuona kwamba neno lile halieleweki. Akalibadilisha likawa "asali wanayoachiwa nyuki". Mwishoni akaniuliza kama Tabora mvua zimeanza.

Nilizisoma karatasi zile nikiwa nimesimama, nikaenda nazo nyumbani nikazisoma tena nikila. Ndipo nikaelewa hesabu ambayo haikuwemo kitabuni: nikielewa napata alama ya vema, nisipoelewa napata karatasi mbili.

Uongo wangu wa kwanza niliuweka kwenye hesabu ya misafara. Mwalimu alitunga mlinganyo wa wapagazi wa zamani: M = s × (n − p). Chini ya M aliweka "njia yote", chini ya s "mwendo wa siku moja", na chini ya mabano yote mawili pamoja na kilichomo ndani, bano refu la kulala, na maneno "siku za kutembea kweli". Kwa sababu siku zote ukitoa siku za kupumzika zinabaki siku za kutembea. Mtoto wa darasa la nne angeelewa. Mimi nilielewa kabla sijamaliza kuipanga. Na mimi huyo huyo nikaandika: "Mwalimu, hapa kwenye siku za kutembea sijaelewa vizuri."

Zikaja karatasi tatu. Aliniandikia habari za babu yake aliyebeba mizigo kwenda pwani mara mbili na kurudi, jinsi msafara ulivyoweza kulala siku tano mahali pamoja kwa ajili ya homa ya mtu mmoja au mto uliojaa, na jinsi mtu aliyehesabu siku zote kama siku za kutembea alivyokufa njaa kwa kuchukua chakula kidogo. Akaniuliza: "Na wewe, wako walipita njia hii?" Nikamjibu kurasa mbili. Nilimweleza babu wa baba yangu aliyefika na msafara, akaugua mguu, wenzake wakaendelea naye akabaki, akajifunza kushona. Kalamu haina kigugumizi. Niliandika kwa kasi kama maji ya mfereji, nikashangaa mwenyewe kwamba nina maneno mengi kiasi kile.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ilichukua miezi minane. Kila bahasha iliyokwenda ilikuwa na bano moja au mawili "nisiyoyaelewa". Nikajifunza na ustadi: kosa lisiwe la kipumbavu mno, akaniona mjinga, wala lisiwe dogo mno, akalijibu kwa mstari mmoja. Naye maskini alibadilisha. "Siku za kutembea kweli" yakawa "siku zote ukitoa za kupumzika", halafu "siku ambazo miguu ilifanya kazi", halafu maneno marefu yasiyotosha chini ya bano hata nilipotumia herufi ndogo kuliko zote. Kila lilipobadilishwa lilikuwa baya kuliko la kwanza. Nililiona hilo. Nililipanga hivyo hivyo.

Nyapara alianza kulalamika. Kurasa ambazo hazijapitishwa hazibomolewi, zinakaa rafuni zimefungwa uzi, na herufi zake haziwezi kutumika kwa kazi nyingine. Alama za kuzidisha zilikwisha kabisa. "Kitabu gani hiki kisichozaliwa?" akaniuliza mbele ya wote. "Umekifungia uzazi?" Wenzangu wakacheka, nami nikacheka. Nilikuwa na furaha miezi ile, na hilo ndilo linaloniuma. Nikitoka kazini nilipita Mtendeni kununua karatasi nzuri za kuandikia. Nilifungua chumba kimoja kati ya vile vinne, nikaweka meza.

Kisha ikaja bahasha nyembamba. Ndani mlikuwa na prufu zisizo na wino mwekundu, na karatasi moja.

"Ndugu yangu, nimefikiri sana. Kijana mwenye akili kama zako, anayeshika kila bano mkononi asubuhi nzima, akishindwa kuelewa, yule mama wa kijijini atakayeliona mara moja atafanyaje? Wanafunzi wangu wananiambia mabano yanawasaidia, lakini wao ni watu wa adabu, nimekwisha kukuambia. Nadhani nimekuwa nikijifurahisha mwenyewe. Tafadhali yaondoe yote. Milinganyo ibaki kama ilivyo katika vitabu vya wengine. Asante kwa kunivumilia muda wote huu."

Nyapara aliisoma barua begani kwangu, akafurahi. "Bomoa leo leo," akasema. Nikamwambia, kwa taabu, kwamba naomba mpaka Jumatatu, nina dharura ya kifamilia upande wa Ujiji. Ilikuwa Alhamisi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya yangu yalikuwa bado yananing'inia ukingoni: kurasa zote zilikuwa rafuni, mabano yote mahali pake. Lililotakiwa lilikuwa mimi kumwambia mtu yule sentensi moja, kwamba nilielewa tangu mwanzo, na kitabu kingetoka kama alivyokikusudia. Nikapanda treni.

Nilishuka stesheni ndogo asubuhi, nikauliza, nikaonyeshwa njia. Ilikuwa ile ile njia ya zamani, imepanuliwa kidogo kwa ajili ya trekta la kijiji. Nilitembea nikirudia sentensi yangu kwa sauti. Peke yangu porini ilitoka vizuri kabisa, kila mara, mpaka nikaamini.

Darasa lilikuwa alasiri, ukumbini mwa ghala la kijiji, watu wapatao ishirini wamekaa juu ya magunia matupu. Mwalimu alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, Mmoraviani wa kweli kweli ambaye hata kofia yake aliitundika kwa nidhamu. Nilimpa prufu mkononi. Akaziangalia, akaniangalia, akaelewa mimi ni nani, akanikumbatia mbele ya darasa zima. Kisha akageuka.

"Jamani, huyu ndiye yule ndugu wa Tabora," akasema. "Yule mliyemsikia. Ninyi mnanistahi, yeye aliniambia ukweli."

Ubaoni palikuwa na hesabu ya wapagazi, bila bano lolote la kulala. Mama mmoja mtu mzima, khanga kaifunga kifuani, aliitwa kuifanya. Alisimama mbele ya ubao, chaki mkononi. Mwishowe akaweka kiganja chini ya ile (n − p), mahali patupu.

"Mwalimu, hapa palikuwa na maneno," akasema. "Siku za kutembea kweli. Mimi nilikuwa nakwenda nayo hayo. Sasa mmeyatoa, naona herufi tu."

Mwalimu akacheka kwa upole. "Mama, usinistahi. Wa mjini hawakuelewa, sembuse sisi."

"Mimi nilielewa," akasema yule mama. Hakulisema kwa adabu. Alilisema kwa hasira kidogo, akanitazama mimi.

Nikasimama. Hapakuwa na nafasi nyingine bora kuliko ile, na nilijua. "Mwa-mwalimu," nikasema, "yale mabano, mimi n-n-nili, nili..." Neno lilikuwa "niliyaelewa". Nilikuwa nalo mdomoni kamili, nalihisi uzito wake, halikutoka. Watu ishirini wakaningoja. Mwalimu, kwa wema wake wote, akanishika mkono.

"Uliyapanga kwa taabu sana," akasema. "Najua, ndugu yangu. Na leo umekuja mwenyewe kunipa pole. Mungu akubariki."

Darasa likapiga makofi. Mimi nikaitikia kwa kichwa.

Ningeweza kusingizia kigugumizi, na miaka mingi nimekisingizia. Lakini mfukoni nilikuwa na kalamu na karatasi. Jioni ile, jua halijazama, tulikaa uani kwa Mwalimu, watu tisa kwenye sinia moja ya ugali na mlenda: mkewe, mama mkwe, watoto, jirani aliyekuja kuazima jembe akakaribishwa. Mtoto mdogo alinilalia pajani bila kuniuliza. Mkewe alinisogezea kitoweo akasema, "Kula, shemeji, huyu anakutaja kila siku." Nilijua kwamba nikiandika sentensi ile nitakuwa mtu aliyemdanganya mume wake miezi minane, na sinia ile sitaiona tena. Mwalimu alikuwa amezungukwa na watu. Barua zangu kwake zilikuwa kazi ya kitabu. Mimi nilikuwa na yeye tu. Basi nikanawa mikono, nikashukuru, na kalamu ikabaki mfukoni.

Jumatatu nikabomoa. Unafungua uzi, unaloweka ukurasa kwa maji kidogo, unachomoa ncha ya kushoto, ncha ya kulia, pua. Maneno ya chini unayarudisha herufi kwa herufi, kila moja chumbani kwake. Nafasi iliyobaki unaijaza risasi tupu, kisha unakaza. Ilinichukua wiki tatu. Vipande vya shaba nilivitia katika mkebe wa mafuta ya Kimbo, ukajaa. Kila nilipomaliza ukurasa niliutazama: milinganyo imesimama mikavu, sahihi kabisa, haina kosa hata moja. Mwalimu aliporudisha prufu hizo hakuandika kitu pembeni. Hapakuwa tena na la kuuliza.

Jambo la mwisho kufika lilikuwa dibaji. Ilikuwa ukurasa mmoja, imewashukuru wakubwa wa elimu, kijiji, mkewe. Mstari wa mwisho ulisema: "Namshukuru pia ndugu mpanga chapa wa Tabora, ambaye peke yake hakuona haya kuniambia ukweli."

Niliipanga dibaji yote, mstari ule nikauacha. Nilijiambia kwamba angalau hilo naweza kulifanya. Nikapiga prufu, nikaituma, nikangoja zile siku kumi na mbili kama mtu anayengoja hukumu, na kwa kweli nilitumaini atauliza kwa nini. Angeuliza, ningemwandikia yote, hilo nililiapa. Ikarudi. Chini ya ukurasa, kwa wino mwekundu, mstari ulikuwa umeandikwa upya kwa mkono wake, na kando yake: "Umeuruka huu. Najua hukusahau. Unyenyekevu ni jambo jema, lakini usinizuie kusema ninalolijua."

Nikaokota herufi. Mstari ule ulikuwa na maneno kumi na manne, nikayapanga miguu juu kama kazi inavyotaka, nikajaza nafasi, nikakaza. Nyapara alipita, akainama, naye akausoma ulivyogeuka, kwa sababu hata yeye alianza kazi kwa kupanga. Akanishika bega kwa nguvu, akasema hongera, miaka thelathini yuko kwenye chapa na hajaona mmoja wetu akiandikwa kitabuni kwa ukweli wake. Nikamwambia asante.